Dhahabu, alizeti na mwezi wa Januari

Machi 2023 mgodi wa dhahabu wa Singida, ulioko kata ya Mang'onyi wilayani Ikungi, ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Kampuni ya Shanta Gold, ambayo tayari ilikuwa na mgodi wa New Luika mkoani Songwe, ilikuwa imehangaika nao kwa miaka, na kwa wilaya changa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Singida hiyo ilikuwa habari kubwa. Miezi michache baadaye wakulima wa wilaya hiyohiyo walianza kupeleka alizeti sokoni wakakuta bei imeporomoka, mbali kabisa na ile waliyoizoea msimu uliotangulia. Mtakwimu aliyeko Dodoma alikuwa na kila sababu ya kuandika kwamba uchumi wa Ikungi umekua mwaka huo. Mkulima wa Sepuka au Issuna, aliyebana matumizi tangu mavuno hadi mavuno, naye alikuwa na kila sababu ya kumshangaa.

Wote wawili wanasema kweli. Nataka kueleza jinsi ukweli huo wa pande mbili unavyowezekana, kwa sababu mjadala wetu wa uchumi umezoea kuuliza unakua kwa asilimia ngapi, basi, kama kwamba jibu la swali hilo linatosha kujua nani amekula na nani amelala njaa.

Tuanze na hesabu ya nchi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi janga la Korona, uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa miaka mingi mfululizo, kasi ambayo nchi nyingi za Afrika ziliionea wivu. Julai 2020 Benki ya Dunia ikaiingiza Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Lakini watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2012. Mkoa wa Singida uliongezeka kwa kasi zaidi, kutoka watu 1,370,637 hadi 2,008,058, yaani asilimia 3.8 hivi kila mwaka. Kwa hiyo uchumi ukikua kwa asilimia 6, kinachobaki kwa kila kichwa ni chini ya asilimia 3. Na hapo hatujauliza bado ni kichwa cha nani.

Upande wa umaskini, tunategemea Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2007 asilimia 34.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 wakashuka hadi asilimia 28.2. Mwaka 2017/18 walikuwa asilimia 26.4. Tazama vizuri namba hizo. Katika kipindi cha kwanza, kisichozidi miaka mitano, umaskini ulipungua kwa pointi sita. Katika kipindi cha pili, miaka sita, ulipungua kwa pointi mbili tu, ilhali uchumi ulikuwa unakua kwa kasi ileile. Kwa sababu ya ongezeko la watu, idadi yenyewe ya maskini mwaka 2018 ilikuwa karibu milioni 14, kubwa kuliko ilivyokuwa 2007.

Wachumi wana maelezo yao ya mambo kama haya, na mawili yanafaa kutajwa. La kwanza ni la Simon Kuznets, ambaye mwaka 1955 alitoa hoja kwamba nchi inapohama kutoka kwenye kilimo kwenda kwenye viwanda, pengo la kipato hupanuka kwanza, kisha hupungua lenyewe. Alitumia takwimu za Marekani, Uingereza na Ujerumani, na alikuwa muungwana wa kutosha kukiri ndani ya makala hiyohiyo kwamba sehemu kubwa mno ya aliyoyasema ni makisio. Waliokuja baada yake hawakuwa na uungwana huo. Wengi waligeuza makisio hayo kuwa kanuni, wakawaambia maskini wa dunia wavute subira.

Maelezo ya pili, ambayo mimi nayaona ya manufaa zaidi, ni ya Mfaransa François Bourguignon, aliyewahi kuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia. Yeye anasema umaskini wa nchi unabadilika kwa njia mbili tu: wastani wa kipato ukipanda au ukishuka, na mgawanyo wa kipato hicho ukibadilika. Ukijua hayo mawili, umaskini umekwisha kuujua. Ni hesabu tu, haina imani ndani yake. Uchumi unaweza kukua sana, na mgawanyo ukiharibika wakati huohuo, maskini wakabaki walipo. Ndivyo namba zetu zinavyoonyesha. Kipimo cha Gini, ambacho huanzia sifuri wote wakiwa sawa na kufika moja ikiwa mtu mmoja amechukua vyote, kilishuka kidogo Tanzania Bara kati ya 2007 na 2012, kisha kikapanda tena na kufikia 0.38 mwaka 2017/18.

Niongeze tahadhari ya kitaalamu. Gini hiyo inapima matumizi ya kaya, haipimi mapato. Tajiri hatumii kila anachopata. Anaweka akiba, ananunua viwanja, anajenga nyumba za kupangisha. Na karani wa utafiti akibisha hodi kwenye geti la ukuta mrefu, mara nyingi hafunguliwi. Pengo halisi, basi, ni pana kuliko linaloandikwa.

Sasa turudi Ikungi, tukiwa na mstari wa umaskini mkononi. Mwaka 2017/18 mstari huo uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, watoto wakihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri. Kwa siku ni kama shilingi 1,640: chakula, mavazi, sabuni, dawa, nauli, kila kitu. Chakula kinachotoka shambani kwako nacho kinathaminiwa na kuingizwa humo. Tuseme kaya ina baba, mama na watoto kadhaa, na ikikokotolewa inakuwa sawa na watu wazima wanne. Ili iwe juu ya mstari, kaya hiyo inahitaji thamani ya shilingi 197,280 kwa mwezi, karibu milioni 2.4 kwa mwaka, kwa bei za wakati ule.

Tuseme tena kaya hiyo inalima ekari tatu za alizeti, pamoja na mtama au uwele wa chakula, na kwa mbegu ya kawaida bila mbolea inavuna kilo 300 kwa ekari. Kilo 900. Mwaka ambao kilo inauzwa shilingi 1,000, alizeti inaleta 900,000. Mwaka ambao kilo inauzwa shilingi 500, inaleta 450,000. Tofauti kati ya mwaka mzuri na mwaka mbaya, kwa jasho lilelile na ardhi ileile, ni zaidi ya miezi miwili ya kuishi ya kaya nzima. Bei hizi ni za mfano, lakini anayekumbuka misimu ya 2022 na 2023 hataniona nimetia chumvi.

Hapo tumezungumzia mwaka. Umaskini wa Ikungi, kwa maoni yangu, unaeleweka vizuri zaidi kwa miezi.

Singida ni nchi ya nusu jangwa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kaya inavuna mara moja na kula mara mia tatu sitini na tano. Mavuno yanaingia kuanzia Mei hadi Julai, na hapo ndipo kila mwenye mazao anapouza, kwa hiyo bei iko chini. Anayedaiwa dukani anauza. Aliyeuguliwa anauza. Asiye na ghala la kuhifadhia wala turubai la maana anauza kabla panya hawajamsaidia kula. Anauza kwa debe lililojazwa hadi linafanya kichuguu, au kwa gunia la lumbesa ambalo Wakala wa Vipimo analipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka linaonekana barabarani. Dalali aliyekuja na fedha taslimu anafahamu shida hizo zote kuliko ofisa yeyote wa mipango.

Kisha inakuja Januari. Chakula cha ndani kimeisha au kinaelekea kuisha, na debe la mahindi limepanda bei. Shule zinafunguliwa, ada ilifutwa tangu 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, ila sare, madaftari na viatu havikufutwa. Na mvua imenyesha, magugu yameota, shamba linataka palizi. Ndipo kaya maskini inapofanya jambo ambalo mtu wa mjini hulitafsiri kuwa uvivu wa kilimo: inaacha shamba lake na kwenda kupalilia la jirani. Inafanya kibarua ili ile leo. Shamba lake linapaliliwa wiki mbili au tatu baadaye, magugu yakiwa yamekwisha kunyonya unyevu wa mvua chache zilizopo. Ikifika Juni inavuna kidogo, na Januari nyingine inaikuta palepale.

Jirani je? Jirani ana maksai na plau. Mvua za kwanza zilipodondoka alilima kwake siku hiyohiyo, akapanda mapema, kisha akakodisha plau kwa wengine wakati wao wamechelewa tayari. Alizeti yake ya mwaka jana bado ina magunia ndani, anaiuza Desemba au Januari bei ikiwa imepanda. Vibarua wanaopalilia shamba lake anawalipa kwa fedha hiyo. Hakuna uovu wowote hapo, jirani ni mtu mwema na bila yeye wengine wangelala njaa. Lakini bei ya alizeti ikipanda nchini, yeye anapata mara mbili: kwenye magunia aliyoyatunza, na kwenye ekari zilizopaliliwa kwa wakati. Wa upande wa pili anapata nusu ya moja. Uchumi wa kijiji umekua, na pengo limekua nao, ndani ya kitongoji kimoja, baina ya watu wanaoswali au kusali pamoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoliona tatizo la usawa kuwa ni la Masaki ya matajiri na Manzese ya maskini, huko Dar es Salaam, peke yake. Mwaka 2017/18 umaskini vijijini ulikuwa asilimia 31.3, ukiwa umeshuka kwa pointi mbili tu tangu 2011/12. Hizo pointi zilizokwama zimekwama kwenye Januari kama hizi.

Dhahabu ingeweza kubadilisha hesabu hiyo? Tuifuate fedha. Kwa sheria ya madini ilivyorekebishwa 2017, mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 ya thamani, na kuna asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Hizo zinakwenda Serikali Kuu, ambayo pia ina hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi mkubwa au wa kati. Halmashauri ya wilaya inapata ushuru wa huduma, ambao mgodi ulipoanza mwaka 2023 ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Na halmashauri kwa sheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tuchukue dhahabu ya shilingi bilioni 100. Mrabaha ni bilioni 6. Ushuru wa huduma ni milioni 300. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 30. Yaani katika kila shilingi 10,000 ya dhahabu inayotoka ardhini Ikungi, shilingi 3 zinafika kwenye mfuko ambao mama wa Puma mwenye kikundi cha kufuga kuku anaweza kuomba mkopo.

Sisemi mgodi hauna faida nyingine. Kuna ajira za walinzi, madereva, wapishi na mafundi. Kuna manunuzi ya vyakula. Kuna wajibu wa kampuni kwa jamii ambao kila mwaka hukubaliwa na halmashauri na kuonekana kwenye madarasa na zahanati. Na bilioni 6 za Hazina zinarudi kama mishahara ya walimu na barabara, ingawa si lazima zirudi Ikungi. Ninachosema ni kwamba sekta ya madini inaweza kupandisha Pato la Taifa kwa haraka huku ikigusa mikono michache, kwa sababu mtambo wa kuchakata mawe hauhitaji watu wengi. Kilimo, ambacho kinachangia kama robo tu ya Pato la Taifa, ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya nguvu kazi ya nchi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya maendeleo ya dunia ya mwaka 2008 ilihitimisha kwamba ukuaji unaotoka kwenye kilimo hupunguza umaskini angalau mara mbili zaidi ya ukuaji unaotoka kwingine. Ukiujua mwezi wa Januari, huhitaji ripoti.

Na hapa alizeti inastahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Mwaka 2021 Serikali iliiteua Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya zao hilo. Takwimu zilizotolewa wakati huo zilisema nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na inazalisha tani 205,000. Soko, kwa hiyo, lipo kwenye kikaango cha kila nyumba. Viwanda vipo, kuanzia vile vikubwa vya Singida mjini hadi mashine ndogo za kukamulia zinazouza mafuta kwa madumu kando ya barabara kuu na mashudu kwa wafugaji. Lakini bei ya mbegu ya mkulima inaamuliwa mbali. Vita ya Ukraine, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti duniani, ilipandisha bei 2022. Mwaka uliofuata bei ya dunia ikashuka, mafuta ya nje yakaingia, na mkulima wa Ikungi aliyekuwa ameongeza ekari kwa kuhamasishwa akabaki na magunia. Wakulima na wabunge wao wakalalamika, na bajeti ya 2023/24 ikaweka ushuru wa asilimia 35 kwa mafuta yaliyosafishwa kutoka nje.

Ushuru huo ninauunga mkono, ila tusijidanganye kwamba hauna mlipaji. Anayeulipia ni mama lishe wa Dar es Salaam, jiji ambalo umaskini wake ulipanda kutoka asilimia 4.1 mwaka 2011/12 hadi asilimia 8 mwaka 2017/18. Tunahamisha fedha kutoka kwa maskini wa mjini kwenda kwa maskini wa kijijini, na fedha hiyo ikipita kwa dalali aliyenunua Juni na kuuza Desemba, tumewalipisha maskini wawili ili kumnufaisha asiye maskini. Anayebadilisha ushuru kila bajeti naye anafanya kosa baya zaidi, maana mkulima anapanda Desemba kwa kutazama bei ya Julai iliyopita.

Nini basi kinasaidia? Jibu la kawaida ni ghala. Kwa dengu na choroko Serikali imesukuma mfumo wa stakabadhi ghalani, mazao yakikusanywa kwenye vyama vya msingi, AMCOS, na kuuzwa kwa mnada kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnada unafuta lumbesa na kuleta wanunuzi wengi mahali pamoja, na hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba unamtaka mkulima asubiri malipo, na asiyeweza kusubiri ndiye hasa tuliyekusudia kumsaidia. Stakabadhi ingekuwa dhamana ya mkopo mdogo siku ileile mzigo unapopimwa, ingekuwa habari nyingine.

Jibu lingine ni fedha taslimu mikononi mwa kaya maskini, kazi inayofanywa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Majaribio yake ya mwanzo yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na Chamwino ni nchi kavu inayofanana sana na Ikungi. Tathmini ilionyesha kwamba kaya zilizopewa ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na ziliongeza mifugo, kuku hasa. Wenye mashaka walidhani fedha itaishia kwenye pombe. (Mtu wa Singida asingeshangaa kuhusu kuku. Kuku ni akaunti isiyo na makato, unaitoa Januari bila kujaza fomu.)

Mikopo ya asilimia 10 nayo ilisitishwa 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa 2024. Mjadala mwingi ulihusu vikundi hewa na marejesho, mambo ya haki kabisa. Sikusikia sana watu wakijadili kalenda. Mkopo wa kilimo ukitoka Machi, kwa Ikungi umetoka bure: mbegu imekwisha kupandwa, au haikupandwa. Ukitoka Oktoba, unanunua mbegu bora na kukodi plau mvua za kwanza. Hata ruzuku ya TASAF, ambayo hulipwa kwa awamu, ingeweza katika mikoa yenye msimu mmoja kusogezwa ili awamu moja idondoke katikati ya palizi. Hilo halihitaji shilingi ya ziada kutoka Hazina. Linahitaji mtu wa mipango akubali kwamba robo ya mwaka wa fedha na robo ya mwaka wa mkulima ni vitu viwili.

Dira 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni moja na kipato cha dola 7,000 kwa kila mtu. Ni wastani tena, na mgodi wa Mang'onyi utachangia kuufikia. Utafiti ujao wa mapato na matumizi ya kaya utakapotoka, vichwa vya habari vitachukua namba moja ya taifa. Mimi nitafungua kwanza jedwali la umaskini wa chakula vijijini (kwa Tanzania Bara nzima, mijini na vijijini, umaskini wa chakula ulikuwa asilimia 8 mwaka 2017/18), kisha nitatafuta kaya zilihojiwa mwezi gani.